Mwalimu Hatagusa Cherehani Yako

Pale chuoni walimwita Bi Utaweza. Jina hakulipenda, lakini jina la utani halina mahakama ya rufaa, na ukilikasirikia ndiyo kwanza umelimwagilia maji. Akaliacha likae. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya masomo, yaani ile karatasi inayobandikwa ubaoni ili mpita njia asome, ajue somo linahusu nini, na kama limemwingia moyoni aende dirishani kujiandikisha. Maelezo yake yote yalianza na neno hilo moja. Utaweza kufunga swichi ya sebuleni. Utaweza kupima chumba na kujua mbao za kununua kabla hujafika kwa muuza mbao, ambaye anajua kuliko wewe na hakutakii mema. Hicho kipande cha mwisho mkurugenzi alikikata kwa kalamu nyekundu.

Zamani hakuwa mwandishi wa chochote. Aliajiriwa kupiga chapa. Maelezo ya wakati ule yaliandikwa na mkuu wa taaluma, mtu mwema, mpole, anayesalimia kila mtu mpaka mfagizi, ila akishika kalamu mtu yule alipotea akatokea mwingine. Aliandika hivi: "Somo hili linalenga kumjengea mwanafunzi uelewa wa dhana za msingi za mifumo ya majisafi." Mpiga chapa akapiga chapa, akabandika. Siku moja mwanamume mwenye suruali iliyolowa mpaka magotini alisimama mbele ya ubao, akasoma, akarudia kusoma, akaja dirishani alikokaa mpiga chapa.

"Dada, samahani. Bomba la nyumbani kwangu linamwaga. Nikisoma hili, nitaweza kuliziba?"

"Utaweza. Hilo ndilo wanaloanza nalo."

"Sasa mbona hawajasema?"

Akajiandikisha palepale huku akidondosha maji kwenye sakafu ya watu. Jioni ile mpiga chapa alibandua karatasi ya mkuu wa taaluma, akaandika nyingine: Utaweza kuziba bomba linalomwaga kabla majirani hawajaamka. Mkuu wa taaluma alipoiona alisema, "Ahaa, kumbe ndivyo," na tangu hapo akamwachia kazi ile kwa furaha ambayo hakujisumbua kuificha. Hakuwahi kupenda kuandika. Alidhani ni lazima.

Ila Bi Utaweza alikuwa na sharti lake. Hakuandika "utaweza" mpaka amwone mtu anaweza. Aliingia darasani, akamkamata mwanafunzi anayemaliza, si yule hodari, yule wa katikati anayependa kukaa karibu na mlango, akamwambia, "Nionyeshe." Akionyesha, anaandika. Asipoonyesha, haandiki, na mwalimu akikasirika, akasirike mpaka apasuke. Ahadi ni deni, alisema, na deni hili watakuja kunidai mimi dirishani, hawatamdai mwalimu. Ndiyo maana karatasi ya somo la uashi ilisema: "Utaweza kujenga ukuta mfupi ulionyooka. Mrefu, bado." Watu walicheka, wakajiandikisha, darasa likajaa.

Sasa tuje kwa kaka yake. Kaka yake alifundisha kutengeneza cherehani katika chuo hichohicho, chumba cha mwisho kwenye korido, na yeye ndiye aliyemwombea ile kazi ya kupiga chapa. Ndiye aliyemlea pia. Wazazi waliondoka duniani binti akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na kaka, ambaye ndevu ndiyo kwanza zilikuwa zinachungulia, akawa baba, mama na shangazi kwa mkupuo. Alimlea vizuri kupita kiasi. Kamba za viatu alimfunga yeye. Hesabu za shule alizifanya yeye, kwa mwandiko alioulegeza ufanane na wa mtoto, na mdogo mtu akawa anasifiwa kwa akili za kaka yake. Akigusa kisu, kinapokonywa: "Leta hapa, utajikata." Akishika ndoo: "Leta hapa, utamwaga." Siku alipoolewa, mumewe alidhani amepata mke mvivu, kumbe amepata mke ambaye hajawahi kuachiwa kitu mkononi. Kaka mwenyewe hakuoa. Alisema hana nafasi.

Alimpenda kaka yake. Tuliseme hilo mapema, maana yanayofuata yanaweza kukudanganya. Alimpenda sana, na mara nyingine akikaa naye kwa muda alijikuta amekunja ngumi chini ya meza, na hakujua ngumi ile ni ya nani.

Asubuhi moja mkurugenzi alimwita ofisini. Mkurugenzi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, anayekupa habari mbaya kwa namna ileile anayokukaribisha kiti.

"Kaa, Bi Utaweza. Somo la cherehani halina watu. Bodi imesema viti visipojaa muhula huu, chumba kinapewa somo la kutengeneza simu."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu wa somo lisilokuwepo naye huwa hayupo." Akaona haya kidogo kwa sentensi ile. "Najua ni kaka yako. Ndiyo maana nimekuambia wewe kwanza. Waandikie kitu watu waje."

Alitoka akiwa amebana midomo. Kaka yake bila chumba kile angefanya nini? Alikuwa katika ule umri ambao hakuna anayekuajiri na bado hakuna anayekupisha kiti. Hakuwa na mke wa kugombana naye wala mtoto wa kumtuma. Alikuwa na cherehani, basi. Bila cherehani angekaa sebuleni kwake akisikiliza saa ya ukutani, na angekufa, si kwa njaa, kwa kukosa kitu cha kukaza.

Na karatasi ya somo lake? Bado ilikuwa ileile ya mkuu wa taaluma, imefifia, pembe moja imechanika, ikizungumzia "dhana ya cherehani katika jamii". Masomo yote Bi Utaweza alikuwa ameyaandika upya isipokuwa hilo. Alijiambia ni shughuli nyingi. Uongo. Alikuwa akilikwepa, kwa sababu alijua akiingia chumba kile itambidi amwambie mtu "Nionyeshe," na alihisi jibu lake.

Akaanza na kaka mwenyewe, aliyekuwa akinywa chai amesimama, maana hajawahi kunywa chai ameketi.

"Kaka, mtu akimaliza somo lako anaweza nini?"

"Cherehani."

"Cherehani vipi?"

"Anaijua."

"Anaweza kuitengeneza?"

"Mdogo wangu, acha maswali ya kipolisi. Njoo darasani ujionee."

Akaenda. Wanafunzi walikuwa wachache, kila mmoja na cherehani yake mbele. Mmoja wao alikuwa mshonaji wa sare za shule, mama mwenye futi ya kupimia shingoni, na cherehani yake ilikuwa ikiruka mishono. Alishika bisibisi, akaitia kwenye skrubu. Skrubu haijamaliza hata nusu mzunguko, mwalimu alikuwa ameshafika.

"Leta hapa, utaharibu."

Akaichukua. Na hapa lazima mtu asiwe mnyimi wa sifa: mikono yake ilikuwa kitu cha kutazama. Aligusa hapa, akapuliza pale, akatia tone la mafuta mahali ambapo hakuna aliyejua kama ni mahali, na cherehani ikaanza kushona kama iliyotoka kiwandani jana. "Mmeona?" "Tumeona, mwalimu." Akahamia kwa mwingine. Kabla ya kipindi kuisha cherehani zote zilikuwa nzima, na mikono ya wanafunzi wote ilikuwa misafi kama ya wageni waalikwa.

Bi Utaweza alimkamata mama wa sare mlangoni, akamrudisha kwenye meza, akailegeza skrubu ya uzi makusudi. "Nionyeshe utakavyoirekebisha."

Yule mama akaitazama cherehani. Akautazama mlango. "Nimwite mwalimu?"

"Umesoma muhula mzima, mama."

"Huu ni wa pili. Mwalimu hodari mno yule! Cherehani yangu ikiharibika najiandikisha tena. Ni karibu kuliko kwa fundi."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya darasa la kaka yake. Hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wateja wenye subira.

Akakaa mezani kwake kuandika. Aliandika, "Utaweza kutengeneza cherehani," akauona uso wa yule mama ukitafuta mlango, akaikunja karatasi. Akaandika, "Utaweza kumtazama fundi bora kuliko wote akitengeneza cherehani yako." Hiyo ilikuwa kweli tupu, na kwa ukweli huo kaka yake angefukuzwa kazi kabla ya chai. Akaikunja nayo. Damu nzito kuliko maji, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kukaa dirishani. Akamfikiria kaka yake kwenye ile sebule yenye saa. Kisha, badala ya huruma, ikamjia hasira, hasira ya zamani iliyooza vizuri, hasira ya kamba za viatu, na hasira hiyo ndiyo iliyoandika:

"Utaweza kuitengeneza cherehani yako kwa mikono yako mwenyewe. Mwalimu hatagusa cherehani yako."

Ilikuwa mara ya kwanza kuandika "utaweza" kabla ya kumwona mtu yeyote anaweza. Alijua. Akaenda akaibandika hivyohivyo, kombo.

Kaka alikuja akiwa ameishika karatasi mkononi, ameibandua bila kuichana, maana hata akikasirika hakuweza kuharibu kitu.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Sigusi? Mimi?"

"Hugusi."

"Sasa nitafundishaje?"

"Kwa mdomo, kaka. Mungu kakupa."

"Mdomo unakaza skrubu?"

"Watakaza wao."

"Wataharibu!"

"Waharibu."

Kaka akaikagua karatasi mbele na nyuma kana kwamba kosa lilikuwa upande wa pili. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nimekukosea nini, mdogo wangu?"

Angeweza kumjibu. Alikuwa na la kuanzia, la katikati na la kumalizia. Akasema tu, "Wanakifunga chumba chako. Viti visipojaa, wanakipa somo la simu." Kaka hakuwa amejua. Alisimama pale, akakunjua pembe ya karatasi iliyojikunja, akatoka. Bi Utaweza alimchungulia dirishani: alirudi mpaka ubaoni, akaibandika tena kwa mikono yake, safari hii imenyooka.

Watu wakaja, tena si kidogo. Alikuja mfanyakazi wa duka la mapazia, akaja askari mstaafu aliyerithi cherehani ya marehemu mkewe, wakaja mabinti wawili wa karakana ya mikoba waliochoka kumngoja fundi. Kila mmoja alipofika dirishani alinyoosha kidole kwenye sentensi ya mwisho na kuuliza kama ni kweli. Hakuna aliyeuliza juu ya ile ya kwanza. Mama wa sare alikuja pia, akasoma, akaguna, akasema, "Sasa mimi nimekwisha," akajiandikisha. Siku ya kufunga dirisha kiti kimoja kilikuwa kitupu. Bi Utaweza alikitazama kwa muda, kisha akajiandikisha mwenyewe. Alikuwa na cherehani nyumbani, zawadi ya arusi, ambayo miaka yote hiyo ilikuwa ikibeba chungu cha maua. Mkurugenzi aliliona jina, akagonga muhuri bila kuinua uso.

Siku ya kwanza kaka alidumu mpaka skrubu ya kwanza. Mkono ukamtoka, ukaenda wenyewe. Mama wa sare akakohoa: "Mwalimu. Hatagusa." Darasa likacheka. Akaitia mikono mifukoni, ikatoka. Akashika chaki kwa mikono miwili, ikavunjika. Mwishowe akawapa mgongo, akasimama kwenye dirisha, akashika nondo kama mfungwa anayengoja wageni.

"Nikiwaona nitawapokonya," alisema. "Fanyeni kazi. Nitasikiliza."

Hivyo ndivyo lilivyoanza lile darasa ambalo mwalimu hutazama nje. Na alisikia, jamani. "Wewe wa karibu na kabati, uzi umekaza mno, unalia." "Wewe wa nyuma, gurudumu hilo unalizungusha kinyume, linakwambia na wewe hutaki kusikia." "Anayepiga nyundo aache. Cherehani haina mahali pa kupigwa nyundo." Ukasikika mlio wa nyundo ikiwekwa chini taratibu. Sindano zilivunjika. Askari mstaafu aliifungua cherehani yake yote, akaifunga tena, kikabaki kipande kimoja mezani. Akakieleza kwa sauti: kidogo, kina jino moja, kimepinda. Mwalimu akafumba macho kule dirishani. "Hicho," alisema, "ndicho kinachoshona." Mstaafu akafungua upya.

Mkurugenzi alipita siku moja, akafungua mlango, akaona mwalimu ameligeuzia darasa mgongo na darasa limelowa mafuta mpaka viwikoni. Akaurudisha mlango bila kelele. Wiki chache baadaye mama wa sare alitoa ukelele uliosikika mpaka kwa maseremala: cherehani yake ilikuwa imeacha kuruka mishono, na hakuna aliyeigusa ila yeye. Hakungoja kipindi kiishe. Alikwenda ubaoni, na chini ya sentensi ya mwisho akaandika kwa kalamu yake, "Kweli hagusi." Karatasi ile iliachwa hivyohivyo. Muhula haujaisha mkurugenzi alishapeleka jibu kwa bodi kwamba chumba hakihami, na somo la simu litafutiwe banda.

Mmoja mmoja wakaweza wote, isipokuwa mwandishi wa ile karatasi. Cherehani yake ilishona hewa. Sindano ilishuka, ikapanda, na ile ncha ya chini inayopaswa kuudaka uzi ilifika kama jamaa anayekuja msibani watu wameshazika. Mchana mmoja wenzake waliaga, wakaondoka, wakabaki wawili, yeye na meza yake, na kaka na dirisha lake. Alikuwa amefungua na kufunga mpaka vidole vikawa vyekundu. Machozi yakamlenga, ya hasira. Na hapo akasema neno ambalo hakuwahi kulisema maishani, maana halikuwahi kuhitajika.

"Kaka, njoo unishikie hapa. Kidogo tu."

Mikono ya kaka ikabana nondo.

"Siwezi," alisema. "Imeandikwa."

"Nimeandika mimi!"

"Basi unajua."

Angemrushia bisibisi. Kwa kweli aliinua mkono. Alikuwa na hasira naye kwa kumpokonya kila kitu tangu utoto, na sasa alikuwa na hasira naye kwa kutompokonya, na hakuona aibu hata kidogo.

"Legeza skrubu ya chini," kaka alisema huko dirishani. Sauti haikuwa yake. "Zungusha gurudumu kuja kwako. Polepole. Sindano ikianza kupanda, simama. Ncha iko wapi?"

"Imepita."

"Rudi."

"Haijafika."

"Njoo kidogo. Hapo. Unaiona nyuma ya sindano?"

"Naiona."

"Kaza."

Akakaza. Akatia kitambaa, akakanyaga. Cherehani ikashona. Ilishona kwa kelele, ikapinda kushoto, lakini uzi ulikuwa juu na uzi ulikuwa chini, zimeshikana.

"Umeweza?" kaka aliuliza, ingawa yule mtu aliyekuwa akisikia uzi uliokaza kutoka upande wa pili wa chumba hakuwa na haja ya kuuliza.

"Nimeweza."

Hakugeuka. Bi Utaweza alingoja, kisha akaona kola ya shati lake inatetemeka, akajua kaka yake analia. Hakuwahi kumwona akilia, hata makaburini.

"Kaka."

"Nilikuwa naogopa," akaliambia dirisha.

"Unaogopa nini?"

"Ukishaweza kila kitu, utakuja kwangu kufanya nini?"

Miaka yote alidhani kaka yake anamwona mjinga.

"Geuka uone," akasema.

Akageuka. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaja mpaka mezani, akainama juu ya kile kitambaa. Mkono ulimtoka kuelekea kwenye skrubu, ukafika karibu, akauvuta.

"Imepinda."

"Najua."

"Utainyoosha?"

"Nitainyoosha. Wewe kaa."

Akatazama huku na huku kama mtu aliyeagizwa kitu asichokijua. Kisha akavuta kiti, akakiweka karibu na chake, akaketi, na mdogo wake akaanza kushona upya.